Ng'ombe Wanane Mpaka Lusaka

Tangu nirudi sijanywa chai mezani kwa mtu bila kuulizwa, "Mabula, ilikuwaje?" Nimesimulia stendi ya Bariadi, nimesimulia nje ya kanisa baada ya ibada, nimesimulia kwa kinyozi nikiwa nimenyolewa nusu kichwa. Kila mara mtu ananikatiza nikifika pazuri, na mwingine anaondoka na kipande chake kwenda kukisimulia vibaya. Kuna jamaa huko Kasoli anaapa kwamba nilizama, Mzambia akaniokoa. Basi nimeiandika yote. Someni wenyewe, mniache ninywe chai.

Habari za fomu, pasipoti na barua za chama nazipita, hazina utamu wowote. Jueni tu kwamba nilichaguliwa kuogelea mita mia nne mtindo huru, upande wa wanaume, kwenye mashindano ya nchi za kanda yetu kule Lusaka, na kwamba sikuchaguliwa kwa kuonewa huruma.

Ngulyati mpaka Bariadi

Swali la kwanza la kila mtu ni kwamba mtu wa Simiyu anaogelea wapi. Jibu ni lambo. Mvua zikiwa nzuri lambo letu la Ngulyati linajaa mpaka kwenye miiba, na ng'ombe wakitamani majani ya ng'ambo wanakata maji moja kwa moja. Mchungaji anayezunguka kwa miguu anafika na kukuta wameshaingia kwenye pamba ya watu. Mimi nilishika mkia wa ng'ombe nikiwa na miaka saba, nikauachia nikiwa na minane. Nilipokwenda kusoma Mwanza, mwalimu wa michezo, Kocha Rehema, alinikuta ziwani nikiwaacha nyuma wenzangu waliozaliwa ufukweni. Akanipeleka kwenye bwawa lenye kuta na mistari, na huko ndiko nimekuwa nikifanya mazoezi mpaka leo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana safari yote imesimama juu ya jambo hili. Kwenye bwawa kubwa, mita mia nne ni kulimaliza bwawa mara nane. Inaonekana hesabu ya chekechea, lakini kichwa kikiwa majini na kifua kinawaka, mara ya tano na mara ya sita zinafanana kabisa. Wenzangu wanahesabu kwa namba. Mimi siwezi, kwa sababu nimelelewa na mtu anayeamini kwamba kuhesabu mifugo ni kuita hasara. Baba hawezi kukwambia ana ng'ombe wangapi. Anachojua ni nani hajaingia. Jioni anasimama mlangoni mwa zizi na kuwaita mmoja mmoja kwa jina, nao wanaingia kwa mpangilio wao uleule kila siku. Anatangulia Pembe Moja. Anafuata Malkia, kisha Baka, kisha Kijivu, kisha Chongo, kisha Limi, kisha Mama Dotto, na dume letu Jembe anafunga mlango. Ndama wana banda lao.

Nilipoanza mbio ndefu niliwachukua wale wale. Kila urefu wa bwawa ng'ombe mmoja, kila nikigusa ukuta mmoja ameingia, na Jembe akigusa mbio zimekwisha. Kwenye bwawa dogo la Mwanza naliingiza kundi lote mara mbili. Sikuwahi kukosea. Kocha hakuijua siri hiyo, na Baba pia hakuijua.

Wiki niliyoondoka kaka yangu Maduhu alioa, nami nilikuwa nimerudi nyumbani kwa harusi. Ng'ombe wengi wa mahari walitoka kwa wajomba, lakini kutoka zizini kwetu alitoka Limi, jike mwekundu mwenye maziwa mengi. Maduhu akahamia Kasoli na mkewe, na pale nyumbani hakubaki kijana wa kuchunga isipokuwa mimi. Baba aliniita asubuhi. Nyumbani tunaongea Kisukuma, nami naandika kwa Kiswahili ili watu wa Dar wasilalamike.

"Maduhu ana mji wake sasa," alisema. "Na ng'ombe hawachungwi kwa simu."

"Najua, Baba."

"Nenda kwenye hayo maji yako. Ukirudi na kitu cha kushika mkononi, nitachunga mwenyewe mpaka nipate mtu, wewe urudi Mwanza kwa mwalimu wako. Ukirudi mikono mitupu, fimbo yako iko nyuma ya mlango."

Hakuwa amekasirika. Baba akipanga jambo huwa anapanga hivyo, pande mbili na hakuna wa tatu. Mimi nami sikuogopa. Nawaambia ukweli, nilichokuwa nawaza ni kama medali ining'inizwe sebuleni au chumbani kwangu.

Jioni ya mwisho nilisimama naye mlangoni mwa zizi nikawatazama ng'ombe wakiingia, niwabebe vizuri kichwani. Wakaingia, Mama Dotto akisimamasimama kidogo mlangoni, na Jembe akafunga. Asubuhi Mama akanifungia michembe mfuko mzima, viazi vilivyokatwakatwa na kukaushwa vikakauka kweli, akanipandisha pikipiki mpaka Bariadi kama mtu anayekwenda kuishi huko.

Bariadi mpaka Shinyanga, kwa kupitia pamba

Basi liliondoka kwa wakati, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Ulikuwa msimu wa pamba. Dereva alipita Lalago kushusha mzigo wa mtu, na mbele kidogo tukakuta lori limelala ubavu katikati ya barabara, marobota yametapakaa. Hakuna aliyeumia. Utingo wake alikuwa amekaa juu ya robota moja anakula muwa.

"Mwangaluka," nikamsalimu.

"Mwangaluka. Mna haraka?"

"Mimi nakwenda Zambia."

Alinitazama, akatazama barabara iliyozibwa, akanikatia kipande cha muwa. Tulishuka wanaume wote tukasukuma marobota pembeni. Robota la pamba halibebeki, linabingirishwa, na lina tabia ya kurudi. Tulimaliza saa saba mchana, mabega yangu yamefura. Kocha angeona angelia. Mimi nilijiambia kwamba hayo ni mazoezi, na mpaka leo nasema yalinisaidia.

Shinyanga mpaka Tunduma

Wenzangu wa timu walikuwa wanatokea Dar na Kocha, aliyekuwa amewafuata huko, nami nilitakiwa niwakute Tunduma mpakani. Nikapanda basi la Mbeya linalopita Tabora na kuingia kwenye mapori ya nyuki mpaka Chunya. Siti ya jirani alikaa mzee mmoja Mnyakyusa, mfanyabiashara wa mchele, anarudi kwao Kyela. Aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikamwambia.

"Kuogelea," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Mnaogelea wangapi?"

"Wanane kwa pamoja."

"Na anayeshindwa anazama?"

"Hapana. Anatoka, anajifuta maji, anakwenda kula."

Akafikiri kwa muda mrefu. Tulipita kijiji kizima akiwa anafikiri. "Sasa hapo," akasema mwishowe, "mtu anaogopa nini mpaka aogelee kwa nguvu?"

Nikamweleza habari ya Baba na fimbo iliyoko nyuma ya mlango. Hapo akaelewa mara moja, akanishika goti. "Ogelea, mwanangu," akasema. Na tangu hapo alinitunza kama mtoto wake. Basi lilipopasuka tairi katikati ya pori, tukakaa chini ya jua zaidi ya saa tatu, yeye ndiye aliyenunua chupa ya asali kwa mtu wa baiskeli. Mimi nikatoa michembe. Kama hamjawahi kuchovya michembe kwenye asali ya Rungwa, hamjasafiri. Abiria walianza kutuzunguka, na mpaka tairi linafungwa mfuko wa Mama ulikuwa umebaki nusu.

Mbeya tulifika na baridi yake. Mzee alishuka akanipungia mpaka nikapotea. Sikumuuliza jina, na hilo linanisumbua.

Tunduma niliijua kwa malori. Yamejipanga yanakusubiri kuanzia mbali, madereva wanapika ugali chini ya matela kama watu waliojenga hapo. Kocha Rehema nilimkuta amekaa juu ya begi na vijana wanne wa timu. Yeye ni Mzaramo, mtani wetu, na mdomo wake haujawahi kuchukua likizo.

"Msukuma kafika," aliwaambia wengine. "Ficheni chakula."

"Shikamoo Kocha. Nimekuletea michembe."

"Marahaba. Mtani, hiyo ni chakula au kuni?"

Alikula lakini. Alikula mpaka tukavuka mpaka.

Nakonde mpaka Lusaka

Upande wa pili, Nakonde, lilinitokea jambo ambalo Kocha ameniomba nisiliandike, ndiyo maana naliandika. Tuliingia kwenye kibanda cha chakula. Mama mwenye kibanda aliponiona akapiga magoti kidogo akapiga makofi, taratibu, viganja vimekunjwa. Binti yake naye akapiga. Mzee mmoja aliyekuwa anakula akaacha kijiko akapiga. Nikajua habari zangu zimenitangulia. Nimevaa koti la timu lenye bendera, mtu gani asingejua? Nikasimama, nikapunga mkono, nikainamisha kichwa kama wanavyofanya washindi.

Kocha alinivuta nikae. "Wanakusalimia, mtani. Ndiyo salamu ya hapa."

"Wote?"

"Wote. Hata mimi wamenipigia. Hata mbuzi akiingia watampigia."

Basi nikarudisha salamu kwa makofi, nao wakafurahi zaidi. Tulikula nshima, ambayo ni ugali wetu mweupe uliokwenda ng'ambo, na samaki wadogo kama dagaa. Kisha wakaleta kitu cha kahawia kimekatwa vipande kama soseji nene, nikakisifu kwa nyama yake laini. Yule mama akacheka, akaniita uani, akanionyesha mizizi kwenye kikapu. Hakukuwa na nyama hata chembe. Kinaitwa chikanda, mizizi imetwangwa na karanga na pilipili. Mimi Msukuma wa ng'ombe nimedanganywa na mzizi.

Kutoka hapo ni basi tena, siku nzima na zaidi. Karibu na Mpika mkanda wa injini ukakatika. Baridi ya mwezi wa saba upande ule inaingia kwenye mifupa na kukaa. Abiria walishuka wakawasha moto wa majani, tukaota wote, wachungaji wa kanisa, wauza mitumba na waogeleaji. Kila aliyesikia ninachokwenda kufanya alitazama ule moto, akanitazama mimi, akasema pole. Sikutaka pole. Nililala chali kwenye siti nikafumba macho, nikaanza kuingiza ng'ombe zizini. Pembe Moja, Malkia, Baka. Walikuwa wanaingia vizuri. Nilijiona nimekamilika.

Lusaka, asubuhi

Jambo la kwanza la kujua kuhusu Zambia ni kwamba saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Sikubadilisha saa ya simu yangu, kwa hiyo siku ya mbio nilifika bwawani kabla ya mlinzi. Tulikaa naye tukaota jua. Bwawa lenyewe liko wazi, kubwa, buluu kama shati la shule. Nilitia mguu majini nikautoa. Ule haukuwa ubaridi wa kawaida.

"Kocha," nikasema alipofika, "haya maji yametoka kwenye friji."

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akasema. "Vua."

Asubuhi ni mchujo. Wanaogelea wote kwa makundi, na wanane wenye muda bora wanaingia fainali ya jioni. Asiyeingia fainali hana hata nafasi ya kuota medali. Mimi nilikuwa kundi la pili, njia ya nne, katikati, mahali pa wakubwa. Kipenga kikalia.

Jamani, nilikwenda. Baridi ilinipiga kofi la kwanza kisha ikaniacha. Pembe Moja akaingia, Malkia akaingia, Baka, Kijivu. Nilipogeuka baada ya Chongo sikuona povu la mtu yeyote pembeni yangu. Nilikuwa mbele peke yangu. Mama Dotto akaingia. Nikajua sasa ni Jembe, nikatoa kila kitu nilichokuwa nacho, miguu, mikono, na marobota yote ya Lalago. Nikagusa ukuta kwa kiganja wazi, nikainua kichwa, nikapandisha miwani kwenye paji la uso na kunyoosha ngumi juu.

Mbele yangu alisimama mama mmoja wa shati jeupe, mwamuzi. Nikamtabasamia. Yeye akatazama juu kama anatafuta mvua. Nikageuka kutazama ubao wa muda, sikuuona. Ubao ulikuwa upande mwingine. Upande wa kuanzia na kumalizia ulikuwa kule, mita hamsini nyuma yangu. Hapo ndipo niliposikia sauti ya Kizaramo inapasua Lusaka nzima.

"Mabula. Bado. Bado mmoja, Mabula."

Watu wawili walikuwa wameshagusa ukuta, wamegeuka na kuondoka. Sheria inakuruhusu kuendelea kama hujatoka majini, nami nikaendelea, miwani ikiwa kwenye paji la uso, macho yanawaka kwa dawa ya bwawa, bila ng'ombe yeyote wa kumfuata. Nilimaliza wa tatu katika kundi langu. Kisha nikakaa kwenye ngazi, taulo kichwani, kusubiri makundi mengine yamalize. Hizo zilikuwa dakika mbaya kuliko zote za safari. Niliiona fimbo ile wazi kabisa, ile alama ya moto karibu na kishikio. Na niliona aibu, naisema, kwa sababu nilikuwa na nguvu za kuwashinda na nikazitumia mahali pasipo na mwisho.

Matokeo yakabandikwa. Kocha akasoma kwa kidole, kuanzia juu, akishuka taratibu. Kidole kikasimama kwenye mstari wa mwisho kabisa.

"Wa nane," akasema. "Umeingia. Sasa niambie, mtani, pale ulisimama kumsalimia nani?"

"Nitakwambia tukiwa njiani kurudi," nikajibu. "Naomba simu yako, yangu haipigi huku."

Lusaka, jioni

Maana nilikuwa nimeshaelewa. Jioni ile ya mwisho nyumbani nilisimama mlangoni mwa zizi nikawabeba ng'ombe kichwani kama walivyoingia, na Limi hakuwamo. Alikuwa ameshakwenda kwa wakwe. Kichwa cha mchungaji kilichukua alichokiona, hakikudanganya. Nilikwenda Lusaka na kundi la ng'ombe saba.

Mtaniambia ningehesabu namba tu. Nilijaribu, pale kwenye benchi, nimefumba macho. Nilifika nne nikaanza kujiuliza kama ni nne au tano. Mnyororo wa ng'ombe ulikuwa umekatika kiungo kimoja, na kiungo hicho kilihitaji kurudishwa mahali pake. Nikampigia Baba, nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, Baba."

"Mwadila. Umeshinda?"

"Bado, fainali ni jioni. Baba, jana ng'ombe waliingiaje zizini?"

"Waliingia kwa miguu."

"Namaanisha nani baada ya nani."

"Mabula, umekwenda huko kuogelea au kuchunga?"

"Naomba uniambie, Baba. Baada ya Chongo, nani anaingia?"

Nilimsikia anavuta pumzi. Lakini hakuna mtu anayeweza kumuuliza Baba habari za ng'ombe wake akakosa jibu. "Siku mbili za kwanza Mama Dotto alikuwa anasimama mlangoni, hataki kuingia," akasema. "Anasubiri Limi apite. Sasa yule mtamba, binti wa Limi, nimemtoa kwenye banda la ndama. Ameshika nafasi ya mama yake. Baada ya Chongo anaingia yeye, na Mama Dotto anamfuata bila neno."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina bado. Simu yako inakula hela ya watu, kata."

Nikamrudishia Kocha simu. Kundi lilikuwa limekamilika.

Fainali ilikuwa saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja ya Lusaka kwetu ni saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili Baba yuko mlangoni mwa zizi, hakosi hata akiwa na homa. Nilipanda kwenye jiwe la kurukia, njia ya nane pembeni kabisa karibu na ukuta, mahali pa aliyeponea chupuchupu, nikajua kwamba wakati huohuo Pembe Moja anatokea nyuma ya kichuguu cha pale nyumbani. Sikuwa na hofu hata kidogo. Nilikuwa nyumbani.

Tukaruka. Pembe Moja akatangulia bila haraka. Malkia. Baka. Kule katikati vijana wa kusini walikuwa wanaondoka, nikawaacha waende. Kijivu. Kwa Chongo kifua kikaanza kudai chake. Nikageuka, na hapo, mita mia mbili na hamsini zikiwa nyuma yangu, mahali ambapo asubuhi palikuwa na tundu, akaingia yule mtamba asiye na jina. Mtamba hana adabu ya ng'ombe mkubwa. Anakimbia. Nami nikakimbia naye, nikampita mmoja, nikampita wa pili. Mama Dotto akafuata bila neno. Kisha Jembe, na safari hii Jembe alikuwa Jembe kweli.

Niligusa ukuta. Kabla sijanyanyua mkono nilitazama kwanza kama ubao upo. Ulikuwepo. Nilikuwa wa nne.

Wa nne, ndugu zangu, na wa tatu alinizidi kwa kiganja. Muda wangu ulikuwa bora kuliko wowote niliowahi kuogelea, tena kwenye maji ya friji. Kocha alinikumbatia nikiwa nimelowa, akalowa yeye, akasema mwaka kesho nikiendelea hivi hakuna wa kunikamata. Sikulia. Lakini walipowavisha wale watatu nilitazama chini, kwenye mikono yangu.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, au labda nilikuwa sitaki ifike. Kocha nilimsimulia habari ya ng'ombe tulipotoka Kapiri, na alicheka kuanzia hapo mpaka Serenje. Nakonde yule mama alitupigia makofi, nami nikampigia kwanza. Tunduma tukaagana. Kocha alinishika mkono kwa muda.

"Nakusubiri Mwanza," akasema. Alijua habari ya fimbo.

Nilifika nyumbani alasiri. Mama alinipokea begi, akauliza kama michembe ilitosha. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ndani, karibu na mlango. Ng'ombe walikuwa bado malishoni na mtoto wa jirani aliyeazimwa kwa siku zile. Nikasalimia, nikakaa. Akatazama mikono yangu. Nikaifungua.

"Nimekuwa wa nne, Baba."

"Wa nne wanampa nini?"

"Wanampa pole."

Akatikisa kichwa polepole. Ningeweza kunyamaza hapo, lakini sikutaka asikie kipande cha habari kutoka Kasoli. Nikamsimulia yote kama nilivyowasimulia ninyi, tangu lambo mpaka njia ya nane. Nikamwambia jinsi ninavyohesabu. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye ile asubuhi, niliponyoosha ngumi upande usio na mwisho, Mama alificha mdomo kwa kanga. Baba hakucheka.

"Kwa hiyo uliponipigia simu ulikuwa unamtafuta ng'ombe."

"Ndiyo, Baba."

"Umewapeleka ng'ombe wangu Lusaka bila kuniuliza."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Na asubuhi ukampoteza mmoja."

"Nilimpoteza."

"Jioni?"

"Jioni waliingia wote."

"Mama Dotto hakusimama mlangoni?"

"Hakusimama."

"Jembe akafunga?"

"Akafunga, Baba."

Nje kengele ya Pembe Moja ilianza kusikika kwa mbali, upande wa kichuguu. Baba akainuka, akaingiza mkono nyuma ya mlango akatoa fimbo. Haikuwa yake. Ilikuwa yangu, ile yenye alama ya moto. Nikasimama kuipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa.

Akanipita akatoka nayo nje.

Tulibaki ndani mimi na Mama, tukisikiliza. Kengele ikakaribia, kwato zikafuata, na sauti ya Baba pale mlangoni mwa zizi ikawaita mmoja mmoja. Pembe Moja. Malkia. Baka. Kijivu. Chongo. Kisha ikafika zamu ya yule mtamba.

"Lusaka," akaita. "Ingia."

Mama akatazama kalenda ukutani, akachukua mfuko mtupu wa michembe, akaanza kuujaza.